Jinsi ya Kuwakutanisha Marapa Ambao Hawakuwahi Kurekodi Pamoja: Mwongozo Kamili wa Rimiksi ya Shabiki

Big L aliuawa kwa risasi Harlem, New York, tarehe 15 Februari 1999. Wakati huo Kendrick Lamar alikuwa mtoto wa miaka 11 huko Compton, California. Hakuna prodyuza ambaye angeweza kuwaita studio moja. Lakini sauti zao zote mbili zipo, na shabiki mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuziweka juu ya biti moja zikapokezana mistari. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo tangu kuchagua vesi hadi kutoa faili la mwisho.

Msikilizaji akiamini kwamba marapa hawa wanasikiana, rimiksi imefaulu hata kama miksi ina kasoro ndogo. Asipoamini, hakuna plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti) itakayoiokoa. Imani hiyo hujengwa na mambo mawili kuliko mengine yote: vesi ulizochagua, na mahali hasa ulipoziweka juu ya ngoma. Hatua hizo mbili ndizo zitakazokula muda wako mwingi, na ndizo zilizopewa nafasi kubwa hapa.

Anza na vesi, majina yafuate

Watu wengi huanza kinyume. Hushika majina mawili makubwa, huchukua vesi maarufu kuliko zote ya kila mmoja, kisha hutafuta biti. Vesi maarufu sana ndiyo ngumu kuliko zote kuitumia, kwa sababu msikilizaji tayari ana biti yake ya asili kichwani na kila mstari humrudisha huko. Vesi nzuri isiyochezwa sana, iliyo nyuma nyuma kwenye albamu au aliyoichana rapa akiwa mgeni kwenye wimbo wa mwenzake, hukaa juu ya biti mpya bila ubishi.

Kabla ya yote, thibitisha kwamba kweli hawakuwahi kurekodi pamoja. Wengi huamini 2Pac na The Notorious B.I.G. (Biggie) hawakuwahi kuingia wimbo mmoja, ilhali walirekodi pamoja kabla bifu lao halijaanza. Jay-Z alisikika kwenye albamu ya kwanza ya Big L mwaka 1995. Eminem na Biggie walikutanishwa rasmi kwenye albamu iliyotoka 1999, miaka miwili baada ya Biggie kufariki. Nas na Jay-Z, waliokuwa mahasimu wakubwa mwaka 2001, walikuja kurekodi pamoja 2006. Pitia orodha ya kazi zote za kila rapa, pamoja na kazi zilizotolewa baada ya kifo. Ukitangaza kwamba umefanya kitu cha kwanza na si kweli, mashabiki watakusahihisha ndani ya saa moja na hakuna atakayesikiliza biti yako.

Sasa andika maneno ya kila vesi unayoifikiria, mstari mmoja kwa kila baa. Baa moja ni mapigo manne, kwa hiyo vesi ya kawaida ya baa 16 itakupa mistari 16. Ukishaandika, jiulize rapa anazungumza na nani. Ndani ya kila vesi kuna mtu anayeambiwa: adui, mama, mpenzi, askari, mtaa, rapa mwenzake. Vesi mbili zinazomwambia mtu wa aina moja hukaa pamoja hata kama zimepishana miaka 20. Vesi ya majigambo ikifuatwa na vesi ya msiba, msikilizaji ataona mara moja kwamba zimelazimishwa kukaa meza moja.

Kisha piga mstari chini ya kila neno linaloifunga vesi kwenye wimbo wake wa zamani: jina la wimbo, jina la prodyuza, jina la mgeni aliyekuwepo, mwaka, salamu kwa kundi. Ukikuta mambo hayo kwenye mistari miwili ya mwanzo au ya mwisho, utaikata na kubaki na baa 12 au 14. Ukiyakuta katikati, tafuta vesi nyingine. Kukata baa mbili za katikati huvunja vina, na sikio la shabiki wa hip-hop halikosi kuona kina kilichopotea.

Tafuta pia tofauti ya sauti. Sauti nzito ya kifua kama ya Biggie hupendeza ikikutana na sauti nyembamba ya puani kama ya Eazy-E, kwa sababu msikilizaji hujua nani anachana tangu silabi ya kwanza. Sauti mbili nzito za mwendo wa polepole hugeuka kuwa mtu mmoja mwenye vesi ndefu.

Mwisho wa hatua hii, angalia kasi. Vesi zilizopishana chini ya asilimia 10 ni rahisi kuzipatanisha. Hesabu yake iko mbele.

Kupata sauti safi

Njia bora ni akapela rasmi, yaani sauti ya rapa peke yake bila muziki. Katika miaka ya 1990 singo nyingi za hip-hop zilitoka kwenye santuri ya inchi 12 iliyobeba wimbo kamili, instrumentali (biti bila sauti ya rapa) na akapela, maana ma-DJ walizihitaji. Mfano unaojulikana wa thamani ya akapela rasmi ni kazi ya Danger Mouse ya mwaka 2004: Jay-Z alikuwa ametoa albamu yake Novemba 2003, akapela zake zikatolewa pia, na Danger Mouse akazichanganya na sampuli (vipande vya rekodi) za The Beatles. Sauti zilikuwa safi, kwa hiyo nguvu zake zote ziliingia kwenye ubunifu wa midundo.

Kama akapela haipo lakini instrumentali rasmi ipo, jaribu kutoa moja kwenye nyingine. Weka wimbo kamili kwenye traki ya kwanza na instrumentali kwenye ya pili, zisogeze hadi zilingane kabisa, kisha geuza wimbi la traki ya pili. Kila kilicho sawa kitajifuta na sauti itabaki. Njia hii inahitaji ulinganifu wa hali ya juu mno, na hushindikana mara nyingi kwa sababu tatu: moja ya faili ni MP3, matoleo mawili yamefanyiwa masta (umaliziaji wa sauti) tofauti, au moja imenakiliwa kutoka santuri na kasi yake inayumba kidogo. Ukisikia sauti imebaki pamoja na mlio mwembamba wa kuzunguka kama upepo ndani ya bomba, acha, nenda njia ya tatu.

Njia ya tatu ni programu za kutenganisha sauti. Demucs na Ultimate Vocal Remover ni za bure na hufanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kwa Demucs amri ni hii:

demucs --two-stems=vocals -n htdemucs_ft wimbo.wav

Itakupa faili mbili, sauti peke yake na muziki uliobaki. Modeli ya htdemucs_ft huchukua muda mara nne ya ile ya kawaida, na kwa rap inastahili huo muda, hasa kwenye herufi za s, sh na t. Ipe programu wimbo wa WAV au FLAC uliotoka kwenye CD au duka linalouza faili kamili. MP3 ya kbps 128 hukata karibu kila kitu juu ya kilohezi 16, na kasoro zake za mgandamizo huonekana kwa programu kama sehemu ya sauti ya mtu, kwa hiyo hutoka nazo.

Akapela iliyotenganishwa karibu kila mara hubeba mabaki: haihati (matoazi ya ngoma) zinazoning'inia nyuma ya herufi s, kivuli cha bezi chini ya maneno mazito, na sauti za kuimba za sampuli ya zamani, maana programu haiwezi kujua kwamba yule mwimbaji wa soul aliyesampuliwa si rapa. Safisha hivi. Kata ukimya wote kati ya mistari kwa mkono, ukiweka mteremko wa milisekunde 5 hadi 10 kila ulipokata ili kusitoke mlipuko. Acha pumzi za rapa mahali pake. Ukiziondoa zote atasikika kama mashine. Baada ya hapo, kata masafa yote chini ya hezi 90. Mabaki ya haihati yaliyo ndani ya maneno yaache kwanza, kwa sababu haihati za biti mpya zikiwa mahali palepale zitayafunika.

Pima kasi kwa mkono

Programu nyingi hukisia BPM (mapigo kwa dakika), na kwa hip-hop hukosea kwa namna mbili: husema 180 badala ya 90, au hukupa namba kamili wakati wimbo una desimali. Wimbo uliotengenezwa kwa mashine ya ngoma una kasi thabiti, lakini ukipita kwenye kanda au santuri hupungua au kuongezeka kidogo, kwa hiyo 92 inaweza kuwa 92.31. Desimali hiyo ni ndogo kwa baa moja. Kwa baa 16 itakuwa imesogeza neno zaidi ya milisekunde 130, na hapo rapa yuko nje ya ngoma kabisa.

Pima kwenye wimbo kamili, kamwe usipime kwenye akapela, kwa sababu ngoma ndiyo inayokupa alama. Tafuta kiki (ngoma nzito) ya kwanza ya baa ya kwanza ya vesi, hesabu baa 16, weka alama kwenye kiki inayofuata. Baa 16 ni mapigo 64. Zidisha 64 kwa 60, gawa kwa sekunde ulizopima. Zikiwa sekunde 41.6, jibu ni 92.31 BPM. Kisha weka akapela kwenye mstari uleule wa muda wa wimbo kamili, uandike baa ya kwanza inaanzia wapi. Ukipoteza alama hiyo utahangaika baadaye kubahatisha, hasa kwa vesi zinazoanza kabla ya baa.

Sasa chagua kasi ya rimiksi. Tuseme rapa wa kwanza alichana kwenye 88 na wa pili kwenye 96. Ukiweka biti 92, wa kwanza anaongezwa kasi kwa asilimia 4.5 na wa pili anapunguzwa kwa asilimia 4.2. Hakuna atakayegundua. Ukimfuata mmoja tu, mwingine atabeba asilimia 8 au 9 peke yake, na hapo mambo huanza kusikika. Hadi asilimia 6 uko salama, kwenye 10 sikio la makini hugundua, na ukivuka 15 sauti hupoteza utu wake. Kupunguza kasi huonyesha kasoro haraka kuliko kuongeza, maana vokali zikivutwa hutetemeka. Ukilazimika kuegemea upande mmoja, egemea kwenye kasi ya juu.

Tumia njia ya kuvuta muda isiyobadilisha toni. Ukiongeza kasi kwa namna ya santuri, asilimia 4.5 hupandisha sauti kwa takriban robo tatu ya nusu toni, na shabiki anayeijua sauti ya rapa huyo atahisi kuna kitu hakiko sawa hata asipojua ni nini. Kila programu ya kutengenezea muziki ina aina kadhaa za kuvuta. Chagua iliyotengwa kwa sauti ya mtu mmoja, uache ile ya muziki mzima.

Vesi ya trap (mtindo wa hip-hop wa haihati za kasi) ya 140 na biti ya 70 ni ndugu, vivyo hivyo 180 na 90. Rapa wa sasa aliyechana kwenye 144 anaweza kuingia kwenye biti ya 72 bila kuvutwa hata kidogo. Hapa ndipo mikutano ya vizazi viwili huwa mizuri, kwa sababu mmoja atasikika anatembea na mwenzake anakimbia juu ya ngoma ileile.

Kuweka sauti juu ya ngoma

Fungua programu yoyote uliyoizoea: Reaper, Ableton Live, FL Studio. Audacity inatosha kwa kukata na kusafisha, lakini kupanga vesi ndani yake ni kazi ya kuchosha. Weka kasi ya mradi, washa gridi ya baa, kisha leta vesi ya kwanza.

Chukua mstari mmoja utazame kwa karibu. Katika hip-hop sneya (ngoma kali inayoijibu kiki) hupiga kwenye pigo la 2 na la 4, na kina cha mwisho wa mstari mara nyingi hutua kwenye pigo la 4 au karibu nalo. Kuza picha ya wimbi hadi uone silabi moja moja. Tafuta silabi yenye mkazo ya kile kina, ile inayoanza kwa herufi ngumu kama k, t, p au b, maana wimbi lake lina ukuta ulionyooka. Linganisha ukuta huo na sneya. Kwenye wimbo wa asili, silabi hiyo ilitua milisekunde ngapi baada ya sneya? Inaweza kuwa 10, inaweza kuwa 30. Umbali huo ndio mwendo wa rapa, ndio unaomfanya asikike mvivu kwa raha au mkali wa kukimbizana. Uhifadhi. Ukiisogeza kila silabi ikae sawasawa na gridi, utakuwa umemvua alichokuwa nacho na kubaki na mtu anayesoma.

Kwa sababu hiyo tumia alama chache za kushikilia. Moja mwanzo wa vesi, kisha moja kila baa nne ili kudhibiti kuyumba kwa kanda. Ukihitaji zaidi ya hapo, rudi ukapime kasi upya, kwa maana namba yako si sahihi.

Angalia maneno yanayotangulia baa. Marapa wengi huanza silabi mbili au tatu kabla ya pigo la kwanza. Ukiweka mwanzo wa faili kwenye pigo la kwanza, vesi nzima itachelewa kwa nusu pigo na vina vyote vitaangukia patupu. Alama uliyoandika wakati wa kupima ndiyo inayozuia hili.

Kuna pia suala la bembea. Mashine za mwishoni mwa miaka ya 1980, SP-1200 ya 1987 na MPC60 ya 1988, zilikuwa na mpangilio wa kuchelewesha kila noti ya pili ya moja ya kumi na sita, na marapa wa zama hizo walijifunza kuchana juu ya bembea hiyo. Ukimweka rapa wa 1993 juu ya haihati zilizonyooka kabisa, atasikika kama anajikwaa. Weka bembea ya biti kati ya asilimia 54 na 58, sikiliza vesi nzima, rekebisha kwa asilimia moja moja. Kama rapa wa pili ni wa trap na anapenda haihati zilizonyooka, mpe haihati zake kwenye vesi yake tu, na uache kiki na sneya zibaki zilezile wimbo mzima. Biti iwapishe marapa, na marapa wasilazimishwe kuipisha biti.

Biti na ufunguo wake

Unaweza kutumia instrumentali iliyopo, lakini biti yako mwenyewe ni bora: haimkumbushi msikilizaji wimbo mwingine na unaweza kuikata popote. Iwe na nafasi. Kiki, sneya, haihati, bezi na melodi moja fupi ya baa mbili au nne vinatosha, kwa kuwa sauti mbili zenye haiba kubwa ndizo zinazobeba wimbo.

Wengi hudhani rap haina noti. Ina noti, na rapa anayechana kwa nusu kuimba huwa na noti zilizo wazi. Hata rapa mkavu kabisa, akapela yake iliyotenganishwa imebeba kivuli cha bezi ya zamani. Tafuta ufunguo wa wimbo wa asili wa kila vesi. Vikilingana, una bahati. Visipolingana, tengeneza biti kwenye ufunguo wa yule mwenye melodi zaidi, kisha sikiliza mwingine; kama kuna sehemu zinazogongana, nyamazisha melodi ya biti hapo na uache ngoma na bezi. Kupandisha au kushusha biti kwa nusu toni moja au mbili ni sawa. Sauti ya rapa usiiguse zaidi ya nusu toni moja.

Mpangilio, kiitikio na makabidhiano

Mpangilio unaofanya kazi: baa 4 za utangulizi, vesi ya 16, kiitikio cha 8, vesi ya 16, kiitikio cha 8, vesi ya tatu ya 16, kiitikio cha mwisho cha 8. Jumla ni baa 76. Kwenye 92 BPM baa moja ni sekunde 2.61, kwa hiyo wimbo ni dakika 3 na sekunde 18. Vesi ya tatu wagawanye marapa hao wawili, baa nne nne kisha mbili mbili, kama vesi zako zinaruhusu kukatwa bila kuvunja vina. Hapo ndipo msikilizaji husahau kwamba hawakuwahi kukutana, na inafaa kutumia siku nzima kwenye baa hizo 16.

Kiitikio ni tatizo la kila rimiksi ya aina hii, kwa sababu kiitikio cha wimbo wa mmoja humfanya mwenzake aonekane mgeni. Suluhisho liko ndani ya hip-hop yenyewe: kiitikio cha skrachi, kwa mtindo uliopata umaarufu kupitia prodyuza DJ Premier, ambamo vipande vifupi vya mistari ya marapa hukatwa na kupangwa vijibizane. Tafuta vipande vinne, viwili kwa kila mmoja, kila kimoja kisizidi baa moja. Kimoja kiulize au kianzishe, kingine kijibu. Kama huna meza ya santuri, kata silabi ya kwanza ya kipande, irudie mara mbili kwa noti za moja ya kumi na sita, kisha acha kipande kiende.

Makabidhiano yanahitaji vichombezo. Katika rekodi za kweli, rapa anayesubiri husikika nyuma: anacheka, anaguna, anarudia neno la mwisho la mwenzake. Chota vichombezo hivyo kutoka utangulizi na tamati za nyimbo nyingine za rapa huyohuyo, ambako mara nyingi havina muziki mwingi nyuma yake. Viweke desibeli 8 hadi 10 chini ya sauti kuu, vikielekea kidogo kushoto au kulia. Viwili au vitatu kwa kila vesi vinatosha. Baa ya mwisho kabla rapa wa pili hajaingia, ondoa kiki na bezi, acha sneya na kichombezo chake kimoja, kisha rudisha kila kitu kwenye pigo la kwanza.

Kuna mpaka mmoja wa kuuheshimu. Usikate maneno ya rapa ili aonekane anamtukana mtu ambaye hakumtaja, na usimwekee marehemu upande kwenye bifu ambalo hakulijua. Mashabiki wake, na familia yake, watasikiliza.

Kumiksi sauti za zama mbili

Sauti ya 1994 na ya 2015 hazikurekodiwa kwa vifaa sawa. Ya zamani huwa na katikati nene na juu hafifu. Ya sasa hung'aa. Ukijaribu kuing'arisha ya zamani, utapandisha pia mvumo wa kanda na takataka za kutenganisha. Fanya kinyume: shusha ya sasa kwa desibeli 2 hivi kuanzia kilohezi 10 kwenda juu, na uiongezee ya zamani kidogo tu, desibeli 1 au 2 karibu na kilohezi 4. Zote zikisongamana kwenye hezi 250 hadi 350, punguza desibeli 2 au 3. Kwenye melodi ya biti toboa nafasi ndogo kati ya kilohezi 2 na 3 ili maneno yapite.

Kompresa, kifaa kinachobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, iwe nyepesi. Sauti hizi tayari zimebanwa na wahandisi wa awali, na zilizotenganishwa zimebanwa mara ya pili wakati wa masta. Uwiano wa 3 kwa 1 unaopunguza desibeli 2 au 3 unatosha. Ukibana zaidi, mabaki ya haihati yatapanda kila rapa anapopumua.

Kinachowaweka kwenye chumba kimoja ni mwangwi wa pamoja. Fungua chaneli moja ya mwangwi mfupi wa chumba, nusu sekunde, ukate chini ya hezi 300 na juu ya kilohezi 6, kisha peleka sauti zote mbili humo. Akapela ambayo tayari ina mwangwi wake ipelekwe kidogo, kavu ipelekwe zaidi, hadi zisikike ziko umbali mmoja. Kwa mwitiko (dilei) unaorudia neno la mwisho, muda wake kwa milisekunde ni 60,000 gawa kwa BPM: kwenye 92 pigo moja ni milisekunde 652, nusu pigo ni 326.

Linganisha ukubwa wa sauti kwenye spika ndogo, ukiwa umeshusha sauti kabisa. Ukisikia mmoja na kumkosa mwingine, usiguse kompresa, pandisha kitelezi cha sauti yake kwa desibeli moja. Kisha sikiliza kwa hedifoni, ambako kingo mbaya za kukata na milipuko midogo hujitokeza. Kwenye masta, weka kilele kisivuke desibeli −1 na wastani wa karibu −11 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti). Majukwaa mengi hushusha nyimbo kuelekea −14, kwa hiyo kubana zaidi hakukupi chochote. Toa WAV ya 24-bit ya kuhifadhi na MP3 ya kbps 320 ya kushirikishana.

Kabla ya kuipakia

Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, na kwa kawaida wenye haki hizo ni watu tofauti. Kutoa rimiksi bure hakukupi ruhusa ya kutumia rekodi hizo. Ile kazi ya Danger Mouse ilisimamishwa na EMI, na tarehe 24 Februari 2004 tovuti nyingi ziliipakia kwa siku moja kama maandamano. Hata hivyo haikupata kuuzwa rasmi. Kwenye YouTube mfumo wa Content ID unaweza kuitambua sauti hata ikiwa juu ya biti mpya, na mwenye haki huchagua kuzuia, kufuatilia au kuchukua mapato. Usiiuze, usiwashe matangazo, na ukitakiwa kuiondoa, iondoe.

Usitumie sauti iliyoundwa na akili mnemba kujaza mstari uliokosekana. Aprili 2024 Drake alitoa wimbo wenye sauti ya bandia ya 2Pac. Wasimamizi wa mirathi ya 2Pac walimtaka auondoe, na akauondoa. Jimbo la Tennessee lilipitisha mwaka huohuo sheria inayolinda sauti ya mtu, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai. Na hata pasipo sheria, thamani yote ya kazi hii ni kwamba kila neno lilitoka kinywani mwa rapa mwenyewe.

Kwenye jina la faili na maelezo andika wazi kwamba ni rimiksi ya shabiki, taja marapa wote, taja wimbo wa asili wa kila vesi na prodyuza wake, kisha useme biti ni ya nani. Hifadhi mradi mzima pamoja na alama zako za baa na namba za BPM, kwa sababu akapela safi zaidi ya vesi uliyotumia inaweza kupatikana baadaye, na ukiwa na alama hizo utaibadilisha kwa dakika kumi.